Umeme ukikatika, usianze upya

Wadau, Ijumaa usiku, tarehe 25 Agosti 2023, umeme ulikatika karibu Kenya nzima kwa saa nyingi. Huku kwetu Malindi na Kilifi, mwisho wa mwezi ndio wakati wa mishahara ya mahoteli. Sasa fikiria programu inalipa wafanyakazi 300, inazimika ikifika wa 140. Umeme ukirudi, utafanyaje?

Wengi huanzisha kazi upya. Mimi napinga. Wale 140 watalipwa mara mbili, na pesa ikishaingia kwenye simu ya mtu, kuirudisha ni shughuli.

Jenereta husaidia, lakini kompyuta nayo huganda. Dawa ni kila malipo yawe na namba yake na hali yake kwenye databesi: bado, yametumwa, yamethibitishwa. Andika "yametumwa" kabla ya kutuma, si baada. Programu ikiwaka, iruke yaliyothibitishwa, iendelee na ambayo bado. Yaliyokwama kwenye "yametumwa" isiyarudie. Iulize kwanza benki au M-Pesa kama yalifika.

Wewe unayenunua programu, mwambie muuzaji aizime katikati ya kazi ya majaribio, mbele yako. Akikataa, umeshapata jibu.