384 Yetu Sote

Juzi nilikuwa kwenye saiba moja hapa Runyenjes nikitoa kopi ya tasnifu yangu ya uzamili. Kijana wa mashine akaitupia jicho Sura ya Tatu, akacheka. "Na wewe pia ni 384?"

Nilikosa jibu. Jopo zima halikuwa limeniuliza hilo.

Soma tasnifu zetu: sampuli ni 384, tena 384, kana kwamba ni namba iliyoshushwa. Haikushushwa. Chukua 1.96 ya uhakika wa asilimia 95, izidishe kwa yenyewe, zidisha kwa 0.25 ukidhania watu wamegawanyika nusu kwa nusu, kisha gawanya kwa 0.0025, ambayo ni mraba wa kosa la asilimia 5. Unapata 384.16. Basi. Lakini hesabu hiyo ina sharti: kila mtu unayemzungumzia awe na nafasi sawa ya kuchaguliwa.

Mimi nilifanyaje? Utafiti wangu unahusu wakulima wa kahawa na mbolea. Nilisimama sokoni siku ya soko, nikampa hojaji kila aliyekubali kusimama. Aliye mbali kule juu, asiye na nauli wala kitu cha kuuza, hakuwa na nafasi yoyote. Na huyo ndiye asiyeweza kununua mbolea! Hata ningeuliza watu elfu nne, ningekuwa nimepima soko tu. Halafu, bila aibu, nikapendekeza kaunti ifanye nini.

Tusidanganyane ati takwimu ni ngumu. Tunafundishwa kubonyeza, hatufundishwi kuuliza. SPSS itakupa hata wastani wa namba za simu ukiiambia. Wengine hata kubonyeza hawabonyezi. Wanalipa mtu awaandikie Sura ya Nne, na jopo linapiga makofi.

Na taaluma hii ilikulia shambani. Ronald Fisher aliingia kituo cha kilimo cha Rothamsted, Uingereza, mwaka 1919, na swali lake mojawapo lilikuwa hili: mavuno yameletwa na mbolea, au kipande chenyewe kina rutuba? Nilipomwambia shosho kwamba mbolea fulani inazidisha kahawa, aliuliza, "Shamba la kando ya mto ama la mlimani?" Na hajawahi kuona SPSS.

Nimerudi na kopi nyumbani. Sura ya Tatu sasa inaanza hivi: niliuliza watu 384 niliowakuta sokoni, ya wengine siyajui. Jopo likitaka kukataa, likatae hiyo.