Ada Hakuna, Deni Lipo

Huko Bethesda, Marekani, kiko chuo kikuu cha majeshi kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1972. Muuguzi wa kijeshi husomea humo shahada ya udaktari wa falsafa bila kutozwa ada, wala mshahara wake haukomi. Udaktari huo, yafaa ieleweke, si wa kuandika dawa. Ni wa uchunguzi: kwa mfano, majeruhi asafirishwaye kwa ndege alazwe vipi asipatwe na vidonda vya kulalia? Lakini deni lipo, nalo hulipwa kwa miaka ya utumishi, popote jeshi litakapompeleka. Heri basi aulize idadi ya miaka hiyo kabla ya kutia saini, mumewe akiwapo. Kwani mume naye ana kazi yake, na watoto wana skuli yao.