Betri Nayo Ifike Shambani

Ndugu wafanyakazi,

Ukisimama leo kando ya barabara hapa Kampala utaona bodaboda zinapita bila ngurumo na bila moshi. Hizo ni pikipiki za umeme. Kampuni ya Zembo ilianza kazi hiyo mjini hapa mwaka 2018, na ziko nyingine, kama Gogo na Spiro. Mwendesha boda hakai kungoja betri ijae. Hufika kituoni, huacha betri iliyokwisha, hupewa iliyojaa, hulipa na kuondoka. Kazi yote ni ya dakika chache.

Sisi wa chama hatuna ugomvi na pikipiki hizo. Petroli ya nchi yetu hutoka nje, huletwa na malori kutoka Kenya na Tanzania. Bei ikipanda huko, nauli hupanda kwetu siku ileile, lakini mshahara haupandi. Umeme ni wa maji ya Nile, ni wa kwetu. Kitu kinachopunguza gharama ya mfanyakazi kwenda kazini hatuwezi kukipinga.

Tunachouliza ni hiki: vituo viko wapi? Vimejaa Kampala na miji ya jirani, na vingine kando ya barabara kuu. Lakini mchuma chai, mkata miwa na mfanyakazi wa kiwanda kilichojengwa porini, hao wana kituo gani?

Hebu tufanye hesabu. Betri moja, barabara ikiwa nzuri na mzigo mwepesi, hupeleka pikipiki kilomita 60 au 70 hivi. Kutoka Kampala mpaka Jinja peke yake ni kilomita 80. Na mwendesha boda lazima apate umeme wa kwenda na wa kurudi. Basi mahali palipo mbali na kituo kwa zaidi ya kilomita 30, kwake ni kama ng'ambo ya bahari. Weka vilima, weka tope la masika, weka abiria wawili na gunia la mahindi, hata hizo 30 hazifiki.

Mwaka jana tulikwenda kwenye mkutano wa tawi katika shamba moja la chai, mbali na lami. Kutoka mjini tulichukuliwa na kijana mwenye boda ya umeme. Jioni, mkutano ukiwa unakwisha, akaletwa mwenzetu aliyejikata mguu kwa panga la kupogolea chai. Damu ilikuwa haikatiki. Gari la shamba lilikuwa safarini. Tulimgeukia kijana wetu, naye akatuonyesha kioo cha pikipiki: betri ilikuwa karibu kwisha. Alikwenda ofisi ya shamba kuomba achomeke waya wa chaji aliokuwa nao. Akajibiwa kwamba umeme ule ni mali ya kampuni. Katika laini za wafanyakazi umeme haukuwapo kabisa.

Mgonjwa aliokolewa na boda ya zamani. Mwenyewe alinunua petroli kwenye chupa ya maji, pale penye meza ya mama muuza sigara na sabuni, akaondoka naye. Kijana wa umeme alilala kwetu mpaka asubuhi, na fedha ya siku ya kulipia mkopo wa pikipiki ilimpita.

Tangu siku ile tumekuwa tukiifikiria chupa ile. Wenye kampuni za betri wakiulizwa husema kwamba kituo cha shambani hakilipi, wateja ni wachache. Mbona petroli ilifika? Hakuna tajiri aliyejenga kituo cha petroli katika kila senta. Petroli ilifika kwa jerikeni, kwa chupa, kwa mikono ya watu wadogo wadogo waliopata faida kidogo. Betri nayo ni kitu cha kubebeka. Inaweza kupakiwa katika pikapu ikiwa imejaa, ikaachwa dukani kwenye senta, na zilizokwisha zikarudishwa kesho yake. Duka lenye sahani za jua juu ya bati linaweza kujaza mbili tatu kwa siku. Kinachokosekana ni kibali cha kampuni kwa muuza duka. Kampuni inataka betri zote zipite katika mikono yake tu.

Ndugu, jambo hili tumeliona zamani. Bwawa la Owen Falls, ambalo leo huitwa Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954. Nyaya zikapita juu ya vijiji na mashamba, umeme ukaenda Kampala na hata Kenya, na watu waliokaa chini ya nyaya zile wakaendelea kuwasha tadooba. Bwawa la Karuma, lenye megawati 600, lilizinduliwa mwaka 2024, na sasa nchi ina uwezo wa kuzalisha zaidi ya megawati 2,000. Viwanda vya sukari kama Kakira huzalisha umeme kwa makapi ya miwa na kuuingiza katika nyaya za taifa. Maana yake mkata miwa anasaidia kuwasha taa za mjini. Je, si haki yake betri moja iliyojaa iwe karibu na mlango wake?

Kwa hiyo twasema mambo manne.

La kwanza ni la waajiri. Kila shamba na kila kiwanda chenye umeme kiweke mahali pa kuchajia langoni, kwa malipo halali. Viongozi wa matawi, mtakapokaa na mwajiri kwa mazungumzo ya makubaliano ya pamoja, wekeni jambo hili mezani pamoja na mishahara na nyumba. Boda ndiyo gari la wagonjwa la mfanyakazi.

La pili ni la Serikali. Tangu tarehe 1 Aprili 2025 usambazaji wa umeme umerudi mikononi mwa kampuni ya umma, UEDCL, baada ya miaka 20 ya Umeme. Kama shirika ni la umma, basi umma uulizwe nyaya zifike wapi kwanza. Tena betri ya kampuni hii haiingii katika pikipiki ya kampuni ile. Mjini hilo ni usumbufu. Shambani ni balaa, maana hakuna senta itakayopata vituo vitatu vya kampuni tatu. Shirika la viwango liwabane waelewane.

La tatu ni la kampuni za betri. Kituo kisipokuwa na betri, mwendesha boda asidaiwe malipo ya siku hiyo. Na kila kituo kibandike ukutani kituo kinachofuata kiko wapi na kinafungwa saa ngapi. Si kila mtu ana simu ya kuonyesha ramani.

La nne ni letu wenyewe. Waendesha boda, kabla ya kutoka lami pigeni simu mahali mnapokwenda, muulize kama kuna umeme na kama mwenyewe anakubali. Betri ikifika nusu na hujui kituo cha mbele, geuka. Dukani au kanisani mkijaziwa, lipeni, ili mlango usifungwe kwa atakayekuja nyuma yenu. Nanyi mnaokaa katika laini, msiunganishe nyaya uchi ili kuchaji usiku. Betri hizi zikishika moto haziwahi kuzimika kwa ndoo ya maji, na nyumba za laini zimebanana.

Wako watakaosema kwamba mambo ya pikipiki si ya chama. Tunawajibu hivi: mfanyakazi akichelewa lango hukatwa mshahara, na akiumia usiku hufa njiani. Mambo hayo yote mawili ni ya chama. Waendesha boda nao ni wafanyakazi, wanabeba mikopo inayowaamsha saa kumi za alfajiri. Wakiungana nasi kudai vituo, sauti itasikika mpaka Kampala.

Yule mwenzetu alipona na amerudi kwenye chai, anachechemea kidogo. Tawi lake limekwisha kuandika barua kwa mwajiri kuomba mahali pa kuchajia langoni. Matawi mengine yafanye vivyo hivyo, na nakala ziletwe kwetu Kampala.

Umoja ni nguvu.