Kidonge cha Mgongo Kina Wakati Wake

Kazi nyingi za visiwa vyetu ni kazi za mgongo. Mchumaji karafuu hushinda juu ya mti akijinyoosha kulifuata tawi lililo mbali. Mama anayelima mwani huinama tangu maji yanapokupwa hadi yanapoanza kujaa. Hamali wa bandarini na mvuvi avutaye nyavu nao hawahitaji kuelezwa maana ya kiuno kilichokaza. Jambo tunalotaka kulizungumza leo si maumivu hayo yenyewe, bali ni mazoea ya kuyatibu kwa dawa za kulegeza misuli, ambazo mtu huzipata kwa kumwonyesha muuzaji mahali panapouma tu.

Jina la dawa hizi linapotosha. Mnunuzi hudhani kwamba kidonge kinakwenda kwenye msuli uliokaza na kuulegeza, kama mtu anavyolegeza fundo la kamba. Sivyo. Nyingi kati ya dawa hizi hufanya kazi katika ubongo na uti wa mgongo, na msuli hulegea kwa sababu mwenye kuuamuru amepumbazwa. Diazepamu, ambayo iliingia sokoni mwaka 1963 kama dawa ya kutuliza wasiwasi, ni mfano ulio wazi. Usingizi unaoletwa nayo hauwezi kutenganishwa na kazi yake, na dawa yenyewe hukaa mwilini zaidi ya siku nzima. Kwa mzee hukaa muda mrefu zaidi. (Dawa za kulegeza misuli zinazotumiwa katika chumba cha upasuaji ni za aina nyingine kabisa, nazo hatuzisemi hapa.)

Hatusemi kwamba dawa hizi hazina faida. Mgonjwa wa pepopunda, ambaye mwili wake hukakamaa hata akashindwa kuvuta pumzi, anazihitaji kwa haki. Vilevile anazihitaji mtu aliyeanguka kutoka juu ya mti, akaumia uti wa mgongo, na miguu yake ikabaki kukaza na kurukaruka bila ya hiari yake. Kwa mtu huyu baklofeni inayotolewa kila siku, kwa kipimo kilichopandishwa pole pole, yaweza kuwa ndiyo tofauti baina ya kukaa kitini na kulala daima. Wapo pia waliopatwa na kiharusi, na watoto wenye mtindio wa ubongo. Wakuu wa bohari za dawa wakumbuke kwamba baklofeni haifai kukatika ghafla. Mgonjwa aliyeizoea akiikosa kwa siku chache aweza kupatwa na degedege na kuona mambo yasiyokuwepo.

Sasa turudi kwa mwenye kiuno. Mwaka 2015 madaktari wa New York waliwagawa watu waliofika hospitalini na maumivu mapya ya mgongo. Wote walipewa dawa ya kawaida ya maumivu, wengine wakaongezewa dawa ya kulegeza misuli, wengine kidonge kisichokuwa na dawa. Baada ya wiki moja hapakuwa na tofauti ya maana baina yao. Mwaka 2017 wakalijaribu jambo lile lile kwa diazepamu, wakapata jibu lile lile. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2021 katika jarida la BMJ la Uingereza ulikuta nafuu ya kama alama 8 katika 100 ndani ya wiki mbili za mwanzo, nayo ni nafuu ndogo kwa mgonjwa, na hata hiyo haina uhakika mkubwa. Kwa maumivu ya mgongo yaliyokwisha kuwa sugu, Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2023 kwamba dawa hizi zisitolewe kwa kawaida.

Kwa haki ni lazima tutaje kwamba chuo cha matabibu wa Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2017, kiliziruhusu kwa maumivu mapya, ikiwa mgonjwa anataka dawa. Nasi hatuoni ubaya wowote daktari akimpa mtu asiyepata usingizi kwa mkazo wa kiuno vidonge vya siku chache, vya kumeza usiku. Lakini awe ni mtu ambaye kesho yake hapandi mti.

Hapo ndipo lilipo shaka letu kubwa. Mpanda mikarafuu aliyemeza kidonge hiki jana usiku huamka akidhani yuko sawa, na mkono wake una uzito asioujua. Dereva wa daladala ni hivyo hivyo, na mvuvi aliye peke yake ngalawani. Akiongeza pombe au dawa kali ya maumivu, hata pumzi yake imo hatarini. Ipo dawa moja ya aina hii, tizanidini, ambayo haifai kabisa kumezwa pamoja na siprofloksasini, dawa ya vijidudu inayojulikana sana. Zikikutana, shinikizo la damu huporomoka. Na baadhi ya vidonge vya mgongo vimechanganywa ndani yake diklofenaki. Asiyejua hununua diklofenaki nyingine kando, akaliumiza tumbo na figo zake kwa fedha yake mwenyewe.

Pia kipo kinachofichwa na kidonge. Kifua kikuu hushambulia hata mifupa ya mgongo. Mwenye homa, au anayekonda, au mwenye ganzi mapajani, au miguu inayolegea, au aliyeshindwa kuuzuia mkojo, huyo anahitaji daktari siku hiyo hiyo. Muuzaji wa dukani hana nafasi ya kuyauliza hayo, na mnunuzi hajui kwamba yanafaa kutajwa.

Tunajua tutakavyojibiwa. Mchumaji anayelipwa kwa pishi hawezi kupoteza siku nzima akingojea zamu hospitalini, na duka liko njiani. Neno hilo ni la kweli, na kwa sababu hiyo hatuwalaumu wanunuzi. Lakini haitoshi kwa wakuu kutoa amri kwamba dawa ziuzwe kwa cheti cha daktari, kisha wakamwacha mwenye maumivu bila ya mlango mwingine wa kubisha. Tunaiomba Wizara ya Afya ipeleke wataalamu wa tiba ya viungo wilayani, Unguja na Pemba, maana mazoezi na kuendelea kutembea huwafaa wengi wa wagonjwa hawa kuliko kidonge. Tunauomba Wakala wa Chakula na Dawa usimamie sheria ya cheti madukani, na uhakikishe kwamba kila pakiti ya dawa hizi ina onyo la usingizi kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka. Na wenye mashamba, kabla msimu wa karafuu haujafunguliwa, wamuulize kila mpandaji amemeza nini usiku, na aliyemeza apewe kazi ya kuchambua chini bila ya kupunguziwa ujira.