Si Kila Anayeumwa na Kichwa Anahepa

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Ndugu msomaji, maneno hayo nawaelekezea wanaosema eti presha ni ugonjwa wa wazee.

Wako watoto wanaozaliwa na aota, yaani mshipa mkuu wa kutoa damu moyoni, ikiwa imebanwa. Hebu fikiria mpira wa kumwagilia maji shambani ukikanyagwa katikati. Nyuma ya mguu maji husukuma kwa nguvu, mbele hudondoka tu. Vivyo hivyo, presha hupanda kichwani na mikononi, na miguuni hushuka. Mtoto aweza kusoma na kucheza miaka mingi bila kujua. Pengine miguu humwuma akikimbia, au hutokwa na damu puani.

Hatari kubwa iko ubongoni. Ukuta wa mshipa ukiwa dhaifu hutuna kama kipovu, nacho huitwa aneurizimu. Watu wazima wenye kasoro hiyo ya aota walipopimwa, kama 1 kati ya 10 alikutwa nacho, ilhali kwa watu wengine ni kama 3 kati ya 100. Kwa watoto ni nadra, lakini hatari huongezeka umri ukisonga. Kikipasuka, kichwa huuma ghafla kupita kiasi, na mtu aweza kufa.

Sasa, sisi hufanya nini? Shule aliyosoma binamu yangu ilimlazimisha kuzunguka uwanja huku akilia miguu. Akisema kichwa kinauma, aliambiwa anahepa hesabu. Nyumbani nako, eti karogwa! Daktari ndiye aliyempima presha mkononi na mguuni, akaona tofauti.

Sikatai, wanaohepa wapo, na vichwa vingi huuma kwa njaa, malaria au kukosa usingizi. Lakini kupima presha ni dakika chache, na kugusa mapigo ya damu kwenye kinena hakuhitaji mashine. Tiba nayo ipo tangu 1944, Clarence Crafoord alipofanya upasuaji huo huko Stockholm, Uswidi. Hata hivyo, presha yaweza kurudi, kwa hivyo aliyetibiwa hana budi kupimwa maisha yake yote.

Maoni yangu ni haya: fomu ya daktari tunayojaziwa tukijiunga na sekondari iwe na nafasi ya presha na mapigo ya miguu, na ijazwe kweli, si kupigwa muhuri tu. Walimu wetu wapendwa, mkituona tumeshika kichwa, tuulizeni kwanza. Kiboko hakipimi presha.