MLIO WA CHINI YA LORI SI WA KUFICHWA

Ndugu wafanyakazi,

Nataka kusema neno juu ya malori makuukuu yaliyo mikononi mwa madereva wetu. Ndau ni kisiwa, na mizigo hutufikia kwa mashua. Lakini unga na saruji ya hapa kwanza hupanda lori, hupita Malindi, Garsen na Witu mpaka gatini Mokowe. Kwa hiyo usalama wa dereva na utingo wake ni jambo letu pia.

Liko jambo ambalo madereva hulisifu, na mimi naona si la kusifiwa. Lori likichakaa, ukiachia klachi husikika "ngo!" chini, ndipo gari liondoke. Dereva hodari hujifunza kuachia klachi polepole mpaka mlio ule usisikike, na wenzake husema analijua gari lake. Mimi nasema anaficha ugonjwa, tena anamwekea tajiri fedha zake kwa shingo yake mwenyewe.

Sisi wa reli twaujua ulegevu. Injini ikianza kuvuta, mabehewa hugonga moja baada ya jingine, kwa maana baina ya kila mawili mna nafasi kidogo. Nafasi hizo hujumlishwa, na behewa la nyuma hupata kishindo. Lori ni vivyo hivyo: giaboksi ina nafasi yake, difu ina yake, na hafu shafti zina yake. Hizo zimepewa nafasi ndogo ili meno yasikwame. Lakini spaida, yaani ule msalaba wenye vikombe vinne unaounganisha propela, haikupewa ruhusa ya kucheza. Ikicheza, imekwisha.

Basi yafaa kila dereva na utingo ajue kuutafuta ulegevu ulipo. Lori lisimame mahali tambarare, halina mzigo, injini imezimwa, na ufunguo uwe mfukoni mwa yule atakayeingia chini. Tia kabari mbele na nyuma ya magurudumu kwanza, ndipo ulegeze breki ya mkono.

Kwanza, weka gia. Shika propela kwa mikono miwili uizungushe huku na huku, ukitazama kila spaida. Upande mmoja ukitangulia kugeuka na wa pili ukichelewa, ulegevu umo mle mle. Vumbi jekundu la kutu kwenye vikombe ni alama kwamba grisi ilikwisha zamani.

Pili, inyanyue propela penye kila spaida na penye beringi ya katikati. Spaida haitakiwi kupanda wala kushuka. Nayo beringi ya katikati, mpira wake ukipasuka, shafti hupiga humo kama mchi kinuni.

Tatu, toa gia uizungushe tena. Propela ikigeuka pamoja na mkono wa difu hali magurudumu yamesimama, nafasi hiyo ni ya difu na hafu shafti. Kidogo ni halali yake. Ikiwa kubwa, fundi aifungue.

Nne, tazama yubolti zinazofunga ekseli kwenye springi. Zikilegea, ekseli husogea, na mlio husikika ukiondoka na ukishika breki vile vile. Tazama na mipira inayobeba injini, kama haikupasuka.

Nasema haya kwa sababu mara nyingi fundi huamriwa kufungua difu kwanza, na ubaya ulikuwa spaida. Spaida huchukuliwa kwa mkono mmoja. Difu yataka watu wawili na siku nzima. Tena propela ikifunguliwa itiwe alama, ili irudi kama ilivyokuwa. Ikirudishwa vingine hutetemeka, na spaida mpya hufa upesi.

Sasa sikilizeni lililo kubwa. Katika malori mengi madogo, mathalani Mitsubishi Canter na Isuzu za zamani, na katika Land Rover za zamani pia, breki ya mkono haishiki magurudumu. Hushika shafti nyuma ya giaboksi. Spaida ikikatika, propela huanguka barabarani, na breki ya mkono haina tena cha kushika. Lori lililoegeshwa mlimani na shehena yake litashuka lenyewe, na utingo anayetia jiwe nyuma ya gurudumu ndiye atakayekutwa hapo. Kwa hiyo ule mlio si kelele ya uzee. Ni breki inayoaga.

Tajiri atasema vipuri ni ghali, na dereva ndiye aliyevunja, akatwe mshahara. Tumjibu kwa sheria. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 yaruhusu mfanyakazi kukatwa kwa uharibifu uliotokana na kosa lake la makusudi. Spaida iliyokufa kwa kukosa grisi na kwa miaka yake si kosa la makusudi. Na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka huo huo yamtaka mfanyakazi amwarifu msimamizi wake juu ya hatari kubwa, nayo yakataza kumrudisha mahali penye hatari hiyo kabla haijaondolewa. Yakataza pia kumfukuza mtu kwa sababu tu amelalamika juu ya usalama.

Lakini sheria haimsaidii aliyenyamaza. Dereva aliyeuficha mlio kwa klachi miezi sita atasema nini propela ikianguka? Ataulizwa: uliandika wapi?

Kwa hiyo naomba kila tawi lidai kitabu katika kila lori. Dereva aandike siku, mlio ulivyo, na mahali alipoukuta ulegevu. Msimamizi atie sahihi, na nakala ibaki kwa dereva. Na spaida inayocheza ikiandikwa, lori lisipakiwe mpaka itiwe nyingine. Nahodha akiona usukani wa mashua unacheza hatweki tanga, wala hakuna amwitaye mvivu. Dereva naye apewe heshima hiyo hiyo.

Ndimi ndugu yenu,
Mfanyakazi wa Reli,
Ndau.