Turudishe Bao Majumbani Mwetu

 

Ndugu Waislamu, jambo tunalolizungumzia mwezi huu baadhi yenu mtaliona dogo, na wengine mtashangaa kulikuta katika kurasa hizi. Ni mchezo wa bao. Tunaliandika kwa sababu tuna deni. Miaka kadhaa iliyopita, katika mmoja wa misikiti ya ukanda wetu huu wa Same, wazee walikuwa na kawaida ya kuweka ubao chini ya mti, jirani na msikiti, baada ya swala ya Alasiri. Walicheza mpaka jua lilipokaribia kuzama, kisha wakainuka kwenda kutawadha. Sisi, kwa ari yetu ya kukataza maovu, tulisimama baada ya swala tukatangaza kuwa bao ni kamari na kwamba anayelicheza ni sawa na aliyetia mkono wake katika nyama ya nguruwe. Wazee hawakubishana nasi. Waliubeba ubao wao wakahamia upande wa kituo cha mabasi. Maghrib ya siku ile safu ya mbele ilikuwa na pengo, na wawili kati yao hatukuwaona tena msikitini isipokuwa siku za Ijumaa.

Tulikosea wapi? Hadithi tuliyoitumia ni sahihi, imo katika Sahih Muslim kutoka kwa Buraida (r.a.). Lakini inazungumzia nardi, mchezo wa Waajemi unaokwenda kwa dadu, ambamo mtu hasogezi kitu mpaka bahati imwamulie. Bao halina dadu. Lina mashimo 32, safu nne za manane, na kete 64. Kila kete inaonekana kwa macho ya wachezaji wote wawili au kila mmoja anajua iliko, na anayeshinda ni yule aliyehesabu mbali zaidi. Tulichukua hukumu ya kitu kimoja tukaivika kitu kingine bila kuwauliza wenye elimu, kisha tukawaadhiri kwa hukumu hiyo watu waliokuwa wakiswali kabla sisi hatujazaliwa.

Wala hatutaki sasa kuvuka upande wa pili tukadai kuwa wanazuoni walilisifu bao. Imamu Shafii, ambaye wengi wa wazee wetu wanafuata madhehebu yake, anautaja katika al-Umm mchezo uitwao hazza, ambao wafafanuzi wameueleza kuwa ni kipande cha mti chenye vishimo vya kuchezea. Msomaji wa Same hahitaji kuchorewa picha. Imamu aliukirihisha pamoja na sataranji, kwa hoja kwamba kucheza si kazi ya watu wa dini wala wa murua. Hata hivyo hakuukataa ushahidi wa mtu anayecheza akiamini kuwa ni halali. Aliyemkatalia ushahidi ni yule ambaye mchezo unampitishia wakati wa swala, akarudia, na swala ikampita tena. Hapo ndipo alipouweka mpaka. Wazee wale waliokuwa wakiinuka kwenda kutawadha walikuwa upande gani wa mpaka huo, kila mmoja wetu anaweza kujijibu.

Yapo maimamu wengine waliokuwa wakali zaidi juu ya sataranji, na anayechagua kujiepusha na michezo yote kwa uchamungu tunamheshimu. Tunachokipinga ni kumlazimisha mwenziwe kwa jina la haramu ambayo haikuthibiti.

Sasa tutazame kilichojaza pengo tuliloliacha. Sote ni mashahidi. Pembeni mwa barabara kuu iendayo Moshi na Arusha, na hata huko milimani ambako zamani taa ya mwisho ilizimwa mara baada ya Isha, vijana wetu wameinamia simu wakitengeneza mikeka. Wengine wamesimama mbele ya mashine za sarafu. Fedha ya tangawizi iliyolimwa Mamba Myamba, ikabebwa kichwani kwenye miteremko na kuuzwa, hulala usiku mmoja tu mfukoni mwa kijana kabla haijaliwa na mechi ya mpira inayochezwa Uingereza. Hii ndiyo maysiri yenyewe, iliyotajwa katika Suratul Maida aya ya 90 na 91 kuwa ni uchafu wa shetani unaoleta uadui na kumzuilia mtu dhikri na swala. Ni kweli serikali imeiwekea utaratibu kwa Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 na Bodi yake, na walio chini ya miaka 18 wamekatazwa. Lakini leseni ya serikali haihalalishi alichokiharamisha Mola, na nani anamwomba cheti cha kuzaliwa kijana aliyeazima simu ya kaka yake?

Jambo la kusikitisha ni kwamba ukali wetu wote tuliumalizia juu ya kete za wazee. Kijana aliposikia kwamba bao ni haramu, drafti ni haramu, mpira ni haramu na kubeti ni haramu, aliona yote yana uzito mmoja, akachagua lile lenye fedha ndani yake.

Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na Bibi Aisha (r.a.). Siku ya Idi Wahabeshi walicheza na mikuki yao msikitini naye akamsitiri mkewe ili atazame. Hanzala (r.a.) alipolalamika kuwa moyo wake hubadilika akiwa na mkewe na wanawe, alifundishwa kuwa ipo saa ya hili na saa ya lile. Dini yetu haikuijia nyumba ya Mwislamu ili iwe kimya kama makaburi.

Kwa hiyo tunapendekeza, na baadhi yetu tumekwishaanza, kuwa na usiku mmoja wa wiki wa michezo nyumbani. Sisi tumechagua Jumamosi. Watu wanaswali Isha jamaa, kisha wanaelekea kwa mwenyeji wa wiki hiyo pamoja na watoto wao. Sufuria la makande linakuwa jikoni tangu mchana, maana huku Upareni mgeni hasogezewi ubao mtupu. Wanaume wanakaa barazani, kina mama na mabinti wanakaa ndani, na kila upande una mchezo wake. Bao lipo, drafti ipo, na mwenzetu mmoja aliyerudi kutoka Tanga ameleta keram. Ludo tumeiacha kwa sababu ya dadu. Wapo wanaoiona nyepesi isipokuwa na dau, lakini tumeona kuacha chenye shaka kunatupunguzia mjadala.

Dau hakuna, hata la soda. Hili tunalisema kwa msisitizo kwa sababu ndilo mlango wa shetani: leo aliyeshindwa ananunua soda, mwezi ujao ananunua kilo ya nyama, na tumekwisha kurudi kule kule.

Ipo pia hadithi ya Abu Barza (r.a.), kwamba Mtume (s.a.w.) alichukia kulala kabla ya Isha na mazungumzo baada yake. Wanazuoni wametoa nafasi kwa mazungumzo na familia, mgeni na elimu, nasi tunajitahidi kukaa ndani ya nafasi hiyo. Saa nne usiku kete zinarudi kwenye mfuko, hata kama mtu amebakiza hatua moja ashinde. Mwanzoni lilikuwa gumu. Sisi Wapare tunasifiwa kwa kupenda kesi, na usiku wa pili wawili kati yetu waliondoka wakibishana juu ya kete iliyodaiwa kuruka shimo, wakaendelea nayo mpaka baada ya Alfajiri. Tukakubaliana kuwa anayetaka kukata rufaa asubiri Jumamosi.

Faida tuliyoiona hatukuitegemea. Mtoto wa darasa la pili anahesabu kete kwa sauti na babu yake anamsahihisha kwa Chasu, lugha ambayo wapo watoto wa hapa mjini wanaoisikia kwa bibi na babu tu, tena wakati wa likizo. Kijana ambaye baba yake hakuwa akijua anakokwenda usiku, sasa baba anamjua hata namna anavyofikiri, kwa kuwa bao halifichi tabia: mwenye pupa anakimbilia kula, mwenye subira anailinda nyumba yake. Mke mmoja alituma salamu kuwa kwa miaka mingi ubao ulikuwa ukimtoa mumewe nyumbani, na sasa umemrudisha.

Hatukuweka mawaidha marefu. Anayetaka kuuliza swali la dini anauliza wakati makande yanapakuliwa, na maswali ya pale yamekuwa ya kweli kuliko yale ya darsa: deni la kubeti analipaje aliyetubu, na je, anaweza kumwambia mkewe?

Ama wale wazee wawili, tuliwaendea. Tulikwenda watu watatu, tukakiri mbele yao kuwa tuliwahukumu bila elimu na tukawaomba radhi. Mmoja alitusikiliza mpaka mwisho akasema atafikiri, na mpaka tunaandika bado anafikiri. Wa pili alikuja Jumamosi ya tatu na ubao wake ule ule, akaswali Isha safu ya mbele, akamfunga kila aliyekaa mbele yake, na alipoondoka aliuacha ubao kwa mwenyeji ili asiubebe tena wiki inayofuata.